MWALIMU AFUNDISHWAYE SHULENI, NA KAZI YA KALAMU ZETU

Wanachama wawili watatu wametuandikia, tena kwa maneno yenye ukali kidogo, wakiuliza kwa nini gazeti la makarani na watumishi wa ofisini lijishughulishe na mambo ya walimu. Wasema kwamba walimu wana chama chao, nasi tuna yetu ya kutosha: vyeo vilivyochelewa, malimbikizo ya mishahara, na safari za kazi ambazo fedha zake hazijulikani zitalipwa lini. Hayo yote ni kweli, na hatutaacha kuyasema. Lakini twawakumbusha wenzetu kwamba chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika nchi hii, kile kilichoundwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba pamoja na wenzake, kilikuwa cha makarani na walimu wakikaa katika chumba kimoja. Hawakuona kwamba kalamu na chaki ni watu wawili wasiojuana. Tena liko jambo la pili, nalo ndilo lililotushurutisha kuandika: mwanachuo wa ualimu hafiki katika shule ya bonde hili ila kwa barua, na barua hiyo hupigwa mhuri na mmoja wetu.

Basi jambo tutakalo kulisema ni hili. Mwalimu wa shule ya msingi hufundishwa wapi, na nani amfundishaye? Ukiuliza chuoni watakujibu kwamba hufundishwa chuoni, kisha huenda shuleni kufanya mazoezi. Ukiuliza shuleni watakujibu kwamba wao huletewa wanachuo kwa majuma machache, nao huwapokea kwa kuwa wameamriwa. Na ukiuliza vyuo vikuu, vinavyowafundisha wakufunzi ambao nao huwafundisha hao wanachuo, aghalabu utaambiwa kwamba shule ya msingi si kazi yao. Katika mlango wa watu watatu kila mmoja amdhania mwenziwe kuwa ndiye mwenye ufunguo, na mtoto wa darasa la kwanza yu nje angojea.

Tutasimulia kisa kimoja tulichokiona, bila kutaja mwaka wala shule, maana shabaha yetu si kumtia mtu aibu, na kama ni aibu basi sehemu yake ni yetu. Jioni moja kijana wa kike alishuka katika gari la abiria, begi mkononi na bahasha ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kumtambulisha kwa mwalimu mkuu, barua iliyoandikwa ofisini majuma matatu nyuma, wala nakala yake haikupata kutangulia. Mwalimu mkuu aliposoma alifurahi sana, kwa sababu walimu wake walikuwa wachache, na mmoja kati yao alikuwa yu mgonjwa. Kesho yake asubuhi akampa yule binti darasa la kwanza, watoto wanaopindukia mia, akamwonyesha chaki ilipo, naye akaenda zake darasa la saba ambalo mtihani wake ulikuwa umekaribia. Nyumba hapakuwa. Alilala kwa mama mmoja jirani wa shule, aliyemwonea huruma.

Binti huyo hakujua neno moja la lugha ya watoto wale. Siku ya tatu mtoto mmoja alilia tangu kengele ya kwanza hata ya mapumziko, naye hakuweza kujua aliliani. Mkufunzi wake alifika mara moja tu, karibu na mwisho, akaketi nyuma ya darasa kwa nusu ya kipindi, akajaza fomu, akaondoka jua lingali juu kwa ajili ya njia. Alama zilikuwa nzuri. Katika chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao, alikuwako mwalimu mwanamke aliyefundisha watoto wadogo kwa miaka zaidi ya ishirini. Hakuna aliyemwuliza, "Je, huyu kijana umemwonaje?" Wala yeye hakuwa na karatasi ya kuandika alilolijua. Sisi twayajua haya kwa kuwa ile barua ya bahasha ya kaki iliandikwa na mwanachama wa Chama hiki, aliyekuja kuungama baadaye kwamba aliisahau mezani.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya leo, kwamba zamani kazi ilifanywa vizuri. Sivyo hasa. Twaona kwamba jambo hili limejaribiwa mara nyingi katika Afrika ya Mashariki, kila mara likaanza kwa matumaini, kila mara likavunjika mahali palepale.

Mwaka 1924 walikuja huku wajumbe wa Phelps-Stokes kutoka Marekani, na kati yao alikuwamo James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ambaye wazee wetu walisimulia habari zake kwa miaka mingi. Baada ya safari ile, mwaka 1925, ilifunguliwa huko Kabete karibu na Nairobi shule iliyoitwa Jeanes, kwa jina la Anna T. Jeanes, mwanamke wa Philadelphia, aliyetoa dola 1,000,000 mwaka 1907 kwa ajili ya shule ndogo za Waamerika weusi wa kusini. Huko Virginia mwaka 1908 mwalimu Virginia Randolph alikuwa wa kwanza kufanya kazi ya namna hiyo: hakukaa katika shule moja, bali alizizungukia shule za mashamba za wilaya yake, akiketi na mwalimu wa kila mahali, akimsaidia kazi yake mwenyewe katika darasa lake mwenyewe. Kabete ikaifuata namna ile. Walimu walikuja na wake zao, wakajifunza pamoja, kisha wakarudi kuzungukia shule za vijijini. Fikira ile ilikuwa njema, nayo ni hii: mwalimu hawezi kukamilishwa mbali na shule, hana budi kufuatwa aliko.

Vita vya 1939 vikaikatiza kazi ile ya walimu. Baadaye majengo ya Kabete yakageuka kuwa chuo cha utawala, tangu mwaka 1961, na hata leo watumishi wa Serikali ya Kenya hufundishwa pale. Makarani wenzetu wataifurahia habari hii. Sisi twaisoma kwa uchungu kidogo, kwani yaonyesha kwamba mtumishi wa ofisini alipata nyumba pale ambapo mwalimu wa kuzunguka aliikosa.

Katika nchi yetu jaribio kubwa kuliko yote lilifuata Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoagiza kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwisho wa 1977. Walimu walitoka wapi? Vyuo havikuweza kuwatoa kwa hesabu ile. Basi tangu 1976 wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa katika vijiji vyao, nao wakasoma ualimu huku wakifundisha: sehemu ya siku mbele ya watoto, sehemu ya siku mbele ya vitabu vilivyoletwa kwa posta na redio iliyowekwa juu ya meza. Mwishoni waliitwa chuoni kwa majuma sita. Walioandikishwa walizidi 45,000, na karibu 38,000 wakafuzu. Tuseme kweli: watu waliwadharau. "Mwalimu wa UPE" likawa jina la mzaha, na sisi makarani tulikuwa hodari kuliko wote katika mzaha huo, maana tulikuwa na vyeti vya kidato cha nne mfukoni. Lakini aliyeanza mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 17 alifikia umri wa kustaafu mwaka 2019. Wengi wetu tusomao karatasi hii tulifundishwa herufi ya kwanza na mmoja wao.

Kosa la mpango ule, kwa maoni yetu, halikuwa kumweka mwanafunzi wa ualimu ndani ya shule. Hilo lilikuwa jema lake. Kosa lilikuwa kwamba kijijini alikuwa peke yake. Vitabu vilichelewa, betri za redio zikaisha, na mtu wa kumzungukia alikuwa na shule nyingi na baiskeli moja, au hana hata hiyo.

Ndipo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uitwao MMEM, mwaka 2002. Watoto walimiminika baada ya ada kufutwa, walimu wakatakikana upesi, na mafunzo ya cheti cha Daraja A yaliyokuwa miaka miwili chuoni yakagawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni chini ya mwalimu mlezi. Kwa maandishi, huo ndio ushirikiano wenyewe wa chuo na shule tunaoutafuta. Mwaka mzima! Si majuma manane. Laiti ungalifuatwa kama ulivyoandikwa, leo tungalikuwa na kizazi cha walimu walioonja kazi yao kwa mvua na kwa jua. Lakini mlezi hakufundishwa kulea, wala hakupunguziwa vipindi, wala hakuongezewa hata senti. Wakufunzi walikosa magari na mafuta. Mwanachuo akahesabiwa kuwa mwalimu kamili katika ratiba ya shule, kwa sababu ratiba ilikuwa na matundu na yeye alikuwa kiraka cha bure. Haikupita miaka mingi, mpango ukaachwa, vyuo vikarudi kwenye miaka miwili.

Mabwana na Mabibi, hapa twaomba mtuvumilie tukae kidogo. Upungufu wa walimu ndio ulioua mara zote. Upungufu huohuo ndio unaomfanya mwalimu mkuu wa leo afurahi aonapo bahasha ya kaki. Nasi hatumlaumu, aliye na kiu hatazami rangi ya kibuyu. Lakini mwanachuo aliyeachwa peke yake na watoto mia hajifunzi ualimu, hujifunza kunyamazisha watoto mia. Akiisha kujifunza hilo amekwisha kuharibika, kwani atalichukua kwenda nalo kila shule atakayopangiwa kwa miaka arobaini ijayo. Basi maoni ya gazeti hili, na twajua wako wanachama watakaotupinga, ni kwamba afadhali shule ikose mwanachuo kuliko kumpokea ili azibe pengo. Mwanachuo asihesabiwe katika ikama ya shule hata siku moja.

Na vyuo vikuu je? Wengine wamecheka kuona neno "chuo kikuu" katika makala itokayo Digodigo, mahali ambapo gari likiharibika mtu hulala njiani. Walakini chuo kikuu ki karibu nasi kuliko tudhanivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuandaa walimu mwaka 1964, na katika miaka ile ya mwanzo ndani yake mlikuwa na Taasisi ya Elimu, iliyokusudiwa kuwa daraja kati ya chuo kikuu, Wizara, na vyuo vya ualimu. Namna hii ilitoka Uingereza, ambako taarifa ya McNair ya mwaka 1944 ilishauri vyuo vikuu vishike mkono vyuo vya ualimu vilivyo jirani navyo. Kwa sheria ya mwaka 1975 Taasisi yetu ikatengwa na chuo kikuu, ikapewa kazi ya mitaala. Leo ndiyo Taasisi ya Elimu Tanzania. Kazi ya mitaala ilihitaji nyumba yake, hatukatai. Ila daraja lile lilipohamishwa hapakujengwa jingine. Mwaka 2005 chuo cha ualimu cha Chang'ombe na shule ya Mkwawa vikafanywa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, navyo vyafanya kazi njema. Lakini kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya walimu wa sekondari.

Mwenye shahada ya elimu ndiye awezaye kuajiriwa kuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Aweza kuwa hakupata kufundisha darasa la pili hata siku moja tangu alipotoka darasa la pili mwenyewe. Huyu ndiye amfundishaye mwanachuo namna ya kufundisha darasa la pili. Hatusemi haya kwa dharau. Twawajua wakufunzi wenye moyo na maarifa. Twasema tu kwamba fundi wa mashua asiyepata kupanda mashua atakuwa na mengi ya kuuliza kwa mabaharia, na desturi yetu haimpi nafasi ya kuuliza.

Nchi nyingine zilikwisha kuliona jambo hili. John Dewey alifungua shule ya watoto ndani ya chuo kikuu cha Chicago mwaka 1896, ili fikira zake zipimwe na watoto kabla ya kupimwa na vitabu. Ufini ilihamisha mafunzo ya walimu wa watoto wadogo katika vyuo vikuu katika miaka ya 1970, lakini ikaacha kila chuo kiwe na shule zake za mazoezi, ambamo mwalimu wa darasa ni mlezi kwa kazi na kwa mshahara. Sisi pia tunazo shule za mazoezi. Karibu na vyuo vyetu vya zamani utaona kibao chenye jina hilo. Kasoro yake ni moja: shule ya mazoezi iko uani mwa chuo. Mwanachuo hujifunza penye umeme, na madawati, na mkufunzi wa kumkimbilia, kisha hupelekwa kufanya kazi mahali pasipo na hata kimoja cha hivyo vitatu.

Chuo kimoja cha ualimu cha Serikali katika mkoa wetu kiko Monduli. Kutoka huko kuja kwetu mtu hupita Mto wa Mbu, akafuata chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kwa Engaruka mpaka Ngare Sero, akaliona Ziwa Natron, ndipo apande mlima kuingia tarafa ya Sale. Au hupita Karatu na lango la Ngorongoro, akavuka mbuga. Njia zote mbili ni za mavumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika, ijapokuwa kipande cha lami kati ya Waso na Sale kimetupumzisha migongo. Haishangazi kwamba wanachuo wakiulizwa watakako kwenda kufanya mazoezi, huandika mjini. Lakini wakipangwa mjini wote, nani atajifunza kufundisha mtoto wa Digodigo?

Maana mtoto wa Digodigo ana jambo lake. Watu wa hapa ni Watemi, ambao vitabu vya kale viliwaita Wasonjo, nao ni wakulima wa mifereji katikati ya wafugaji. Kitemi ni lugha ya Kibantu, jamaa ya Kikuyu na Kikamba. Ina ngeli kama Kiswahili, na mtoto aijuaye ana nusu ya sarufi ya Kiswahili kichwani kabla hajaingia darasani. Mtoto wa Kimaasai aketiye naye dawati moja hana hiyo nusu, kwa kuwa Kimaasai ni jengo jingine kabisa. Hao wawili watafundishwa kusoma kwa Kiswahili, kwa kitabu kimoja, na mwalimu mmoja. Mwanachuo asiyeambiwa hili atadhani mmoja ni mwerevu na mwingine ni mzito. Tumesikia walimu wakisema hivyo, na watoto wameyabeba maneno hayo mpaka utu uzima.

Sasa tazameni ajabu. Maarifa ya jambo hili yako chuo kikuu. Tangu mwaka 2001 wataalamu wa Dar es Salaam wamekuwa na Mradi wa Lugha za Tanzania, na mwaka 2009 walichapa atlasi yenye lugha zetu kadiri zilivyo. Ujuzi wa kumtuliza mtoto aliaye tangu kengele ya kwanza nao uko hapa, kwa yule mwalimu wa chumba cha pili. Mwanachuo yu katikati ya hazina mbili, na hakuna aliyempa ufunguo wa mojawapo.

Na tena mifereji. Wazee waitwao wenamiji hugawa maji ya bonde hili kwa zamu, na hesabu ya zamu hizo si ndogo: nani kwanza, kwa muda gani, nani amepitwa na lazima alipwe. Watoto wetu huisikia hesabu hiyo nyumbani kabla ya kujua tarakimu. Mwanachuo akifundisha sehemu na mgawanyo kwa kuchora keki ubaoni, keki ambayo darasa zima halijapata kuiona, hatutamcheka. Hakuna aliyempeleka mferejini. Mzee wa maji hamfundishi kijana kazi yake kwa waraka. Humchukua wakafuatana kando ya mfereji, alfajiri na usiku, hata kijana ajue penye kuvuja kwa kusikia tu. Huo ni ualimu, na shule yetu ungaliweza kuusaidia mengi, kama mtu angalitambua kuwa ni ualimu.

Mzee mmoja, mwanachama wetu mstaafu tunayemheshimu, alituambia: "Watoto wetu si uwanja wa majaribio. Wajifunze hukohuko, waje huku wakiwa wameiva." Neno hili ni zito na lina haki ndani yake. Lakini, baba, twakujibu kwa adabu kwamba watoto wetu wamekuwa uwanja wa majaribio siku zote. Kila mwalimu mpya aletwaye huku hufanya jaribio lake la kwanza juu yao, bila mkufunzi, bila mlezi, mlango ukiwa umefungwa. Tuombalo ni kwamba jaribio hilo lifanywe mapema, mbele ya jicho la mwenye kujua, na mtoto awe na mtu wa pili wa kumtazama.

Wakati nao wafaa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 imetolewa upya mwaka 2023, mitaala mipya imeanza 2024, na mafunzo ya walimu yanageuzwa pamoja nayo. Upo pia mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ule wa MEWAKA, ambao umekwisha kuwazoesha walimu wa shule moja kukaa pamoja na kuzungumza juu ya somo lililowashinda. Kikao kama hicho ndicho kiti cha mwanachuo. Aketi humo tangu juma la kwanza, asikie wazee wa kazi wakikiri kushindwa. Hilo litamfundisha kuliko hotuba kumi.

Twarudi kwa kalamu zetu. Si sisi tutungao sera, wala tugawao magari, wala tupangao mishahara ya walezi. Lakini barua ya mwanachuo yaweza kutangulia mwezi mmoja badala ya kufika naye kwapani. Hilo ni letu. Orodha ya nyumba zilizo wazi karibu na shule yaweza kuwekwa katika faili moja, ikatazamwa kabla ya mtu kupangwa, hasa kwa mabinti. Hilo nalo ni letu. Safari ya mkufunzi yaweza kuunganishwa na safari ya gari la Halmashauri ambalo kila mwezi hupanda na kushuka njia ileile na viti vitupu. Tunalijua gari hilo, na twajua tarehe zake, kwa kuwa ni sisi tujazao daftari la safari. Mara ngapi tumeona mkufunzi akingoja gari la abiria huko mjini siku ileile ambayo gari la Serikali limepita mbele yake likiwa na dereva peke yake? Na karatasi ya yule mwalimu wa chumba cha pili, yenye alilolijua juu ya kijana, haihitaji sheria mpya. Yahitaji mtu wa kuipiga chapa, kuipeleka shuleni, kuirudisha, na kuitia katika bahasha iendayo chuoni. Chuo kikiisoma au kisipoisoma, itakuwa imefika. Na ikifika mara kumi, kumi na tano, watauliza ni nani huyu aandikaye.

Kwa haya Kamati imekubali kujaribu katika msimu ujao wa mazoezi, kwa shule chache tu, zile ambazo walimu wakuu wake wataahidi kwamba mwanachuo hatahesabiwa kuwa mwalimu wa darasa. Wanachama walioko Sale, Loliondo na Ngorongoro, pamoja na wenzetu wa Karatu, twawaomba watuletee kabla ya mwisho wa mwezi ujao mambo matatu katika karatasi moja: nyumba au chumba kilicho wazi karibu na shule wanayoijua, idadi ya watoto wa darasa la kwanza na la pili katika shule hiyo, na kama yuko hapo mwalimu wa watoto wadogo aliye tayari kulea. Jina la mwalimu huyo lisiandikwe bila ridhaa yake mwenyewe. Barua zikabidhiwe kwa Katibu, au ziachwe katika sanduku lililo mlangoni pa ofisi. Mwanachama aliyesahau bahasha ya kaki mezani ameomba yeye awe mwenye kuzikusanya, na Kamati imemkubalia.